Michai Arobaini ya Beldina

Msichana ninayetaka mmjue anaitwa Beldina Oyugi. Ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu kwenye shule ya kutwa hapa Litein, na tangu nimjue hajawahi kunijibu vibaya hata siku moja. Nalisema hilo mapema kwa sababu wengine hunijibu vibaya, na mimi nikijibiwa vibaya huwa sinyamazi. Yeye na mama yake, Eucabeth, wanakaa chumba cha tatu kwenye ploti yangu ya kupangisha. Walihamia mwaka ule baba yake, Joab, alipofariki. Eucabeth anafanya kazi kwenye kiwanda cha chai, upande wa kukausha. Mimi jina langu ni Wakonyo, lakini mjini wananiita Mama Steve, Beldina huniita shosho, yaani bibi, na kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine. Kama unataka kuona hasira yangu, niletee sweta uliyoivaa muhula mzima uniambie nilikosea kipimo.

Beldina anapenda mimea. Si kupenda kwa kuiangalia tu, ni kupenda kwa kuisumbua. Ukipanda sukuma wiki atakuuliza kwa nini umepanda hapa na si pale. Ukimjibu kwamba ndivyo mama yako alivyopanda, utamwona anameza mate, anataka kuuliza mama yako naye aliambiwa na nani, lakini ana adabu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mwalimu wake wa bayolojia, Mwalimu Sagini, alimletea karatasi. Kuna watu wanaosomesha watoto chuo kikuu, masomo ya sayansi, kila kitu kimelipwa, mpaka chumba cha kulala. Eucabeth alipoisikia hiyo habari alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mshahara wa kiwanda unajua mwenyewe unavyoisha. Lakini karatasi ilikuwa na sharti: mwanafunzi awe amefanya utafiti akiwa bado sekondari, chini ya mtafiti mwenyewe, na huyo mtafiti aandike barua aweke sahihi. Na utafiti huo uwe umefanyika kabla mtoto hajaingia kidato cha nne.

"Sasa utafiti unauzwa wapi?" nikamwuliza kwa mzaha. "Twende tukanunue kilo mbili."

Beldina akacheka kidogo, kisha akasema, "Sijui, shosho. Hapo ndipo shida ilipo."

Aliandika barua pepe kumi na moja kwenye saiba ya Duke, duka la intaneti lililo karibu na stendi ya bodaboda. Kila Ijumaa baada ya shule alipita kuuliza kama kuna jibu, mpaka Duke akawa anamtikisia kichwa akiwa bado mlangoni. Tisa zikakaa miezi bila jibu. Moja ilijibiwa kwamba wao huchukua wanafunzi wa chuo kikuu peke yake. Nyingine ilisema tumepokea barua yako, na mpaka leo sijui kuipokea kulimsaidia nini.

Nikaona haya ni mambo ya kwenda mwenyewe. Mtoto akienda peke yake getini, soja anamwona kama mbuzi aliyepotea. Nikafunga duka, nikavaa lile koti langu la kanisani, tukaenda kwenye kituo kimoja cha utafiti huko ng'ambo ya Kericho mjini. Jina lake nitaliacha.

Soja akasema, "Barua ya chuo iko wapi?"

"Hajafika chuo," nikasema. "Ni mwanafunzi wa sekondari."

"Basi akifika chuo, aje."

"Na hicho chuo hakimtaki mpaka awe amekuja hapa kwanza!"

"Mama, mimi kazi yangu ni kufungua geti."

"Si ulifungue basi!"

Nilimwambia mengi siku hiyo, mengine siwezi kuyaandika kwa sababu mimi ni mshirika wa kanisa. Yule mzee alisikiliza yote. Nilipomaliza aliniuliza kama nimemaliza, akatoka kwenye kibanda chake akaniletea kiti nikalie. Utamfanya nini mtu kama huyo? Tulikaa pale kivulini dakika kumi, tukamshukuru kwa kiti, tukarudi nyumbani.

Ofisi ya pili, ya shamba kubwa la chai, mama mmoja mwenye miwani alituuliza, "Ana uzoefu?" Nikamwuliza, "Wa nini, wa kuosha sahani?" Beldina akanivuta mkono. Njiani niliongea mimi tu, nikawatukana wote kuanzia waziri kushuka chini, na ndani yangu nilijua matusi yangu hayamfikii mtu yeyote. Huo ndio ulikuwa mwezi wa tano. Wa sita ukaisha hivyo hivyo, na wa saba.

Halafu mwezi wa nane Duke akamwita kutoka ng'ambo ya barabara, "Beldina! Kimekuja kitu!"

Aliyejibu, mmoja wa wale tisa, alikuwa mtafiti wa chai, Daktari Rodah. Kituo chao huchukua mwanafunzi mmoja tu wa sekondari kila likizo ya Desemba, na yeye ndiye humchagua. Lakini kwanza alitaka kuona kama huyo mtu anaweza kazi. Alisema hivi, nilisomewa mara tatu: chagua jambo moja dogo, lifuate wiki nane bila kukatiza, andika kila kitu. Wiki ya nane nitakuja mwenyewe na mzani wangu tupime pamoja. Sitaki kuona kitabu tu, nataka kuona mimea. Kazi ikiwa nzuri, jina lako ndilo nitakalopeleka, na barua yako nitaiandika.

Wiki hiyo hiyo mvua ya mawe ikatupiga. Ya huku wewe unaijua. Robo saa tu, mabati yanalia mpaka hamsikilizani, na ikiisha shamba la chai linabaki kama limepitiwa na ng'ombe mia. Mimi nina nusu ekari na kitu, kilomita mbili kutoka sokoni. Nilienda na Beldina kuangalia. Nikasimama pale nikalia, wacha niseme ukweli, nililia. Beldina alikuwa ameinama kwenye mchai mmoja, anapindua majani yaliyochanika.

"Shosho, haya watu huyatoa au huyaacha?"

"Huyatoa. Wanasafisha mchai, uanze upya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mabaya! Huoni yalivyo?"

"Kuna mtu alishawahi kuyaacha, akahesabu?"

"Nani ana wakati wa kuhesabu aibu?"

Akainua kichwa akaniangalia, na nikajua amepata jambo lake.

Nikampa michai arobaini, pale katikati ya shamba ambapo ardhi ni sawa. Ishirini aliisafisha, akatoa kila jani lililochanika. Ishirini aliiacha ilivyo, na matambara yake. Nilimpa nyuzi za sweta zilizobaki dukani: iliyosafishwa akaifunga uzi wa kijani, iliyoachwa akaifunga uzi mwekundu. Akakunja waya wa kutundikia nguo ukawa duara. Kila Jumamosi asubuhi aliuweka huo waya juu ya kila mchai, akahesabu vichipukizi vipya vilivyo ndani ya duara, akaandika. Michai yote arobaini isiguswe mpaka wiki ya nane. Siku hiyo wangeichuna yeye na daktari, kila upande na gunia lake, na mzani ungesema ni upande gani umezaa zaidi.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, hasa kama hutoki sehemu za chai. Shamba la chai linachunwa kila baada ya wiki moja au mbili, na juu yake linakaa sawa kama meza. Hiyo meza ndiyo heshima ya mwenye shamba. Ukiona michai imepanda juu, kichwa hiki hapa na kile pale, unajua kwa huyo mtu kuna jambo: mtu ni mgonjwa, au kuna msiba, au mke ameenda kwao. Na majirani wakiona hivyo hawakuulizi. Huku kwetu, kumwuliza mtu aliye na shida kama anataka kusaidiwa ni kama kumtukana. Wanakuja tu na vikapu, wanachuna, wanapeleka kituo cha kununulia majani, wanaandikisha kwa namba yako ili ulipwe wewe, wanarudi kwao. Mimi mwenyewe nimechunia watu hivyo si mara moja wala mbili.

Kwa hiyo Beldina aliniambia siku ya kwanza kabisa, "Shosho, nitawaambia wale mama wa kikundi chenu wasiiguse."

"Wewe mtoto wataona unawapa amri," nikasema. "Niachie mimi. Nitawaambia."

Sikuwaambia.

Niliona haya. Tuko wanawake tisa kwenye hicho kikundi, kila mmoja na shamba lake, na nitaanzaje kusema kwamba nimeacha chai ipande juu makusudi, ili mtoto wa mpangaji ahesabu? Mwenyekiti wetu ni Taplelei, Mkipsigis, mama mwenye shamba safi kuliko yote kijijini, ukipita pale unatamani kulala juu yake. Wiki ya tano alinitania njiani, "Mama Steve, unafuga msitu? Tutaanza kuwinda huko?" Tukacheka wote. Nikamwambia naipumzisha ile sehemu kidogo. Na kila Jumamosi Beldina aliponiuliza, nilimwambia, "Nimewaambia, wewe hesabu."

Naye alihesabu. Asubuhi za baridi, umande unaloweka sketi mpaka magotini, yeye na waya wake. Wiki tatu za kwanza iliyosafishwa ilikuwa mbele, nikamwambia umeona, wazee wana akili. Wiki ya tano pande mbili zikalingana. Wiki ya saba alirudi kutoka shambani akikimbia, akaingia dukani, na yule mtoto asiye na maneno mengi akaongea bila kupumua: "Shosho, nyekundu imepita! Nyekundu imepita! Ile tuliyoiacha! Labda yale majani yaliyochanika bado yanalisha mchai, shosho, labda tunayatoa bure miaka yote!" Wateja wawili walikuwa pale wanapimisha sweta, wakageuka kumwangalia. Mimi nilifurahi mpaka nikampa soda.

Jumanne iliyofuata nikapigiwa simu kutoka Murang'a. Kaka yangu Naftaly amefariki. Alianguka bafuni, hakuamka. Naftaly ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, ndiye aliyenileta Litein nikiwa na mashine moja ya kufuma na mtoto mchanga. Nilifunga begi nikaenda, na shamba, duka, kila kitu nikakiacha hivyo.

Tulizika Ijumaa. Jeneza lilikuwa limeshatolewa, pasta amefungua kitabu chake, na simu ikalia mfukoni mwangu. Nilikuwa nimesahau kuizima. Nikasogea kando nikaishika haraka kabla watu hawajageuka. Alikuwa Taplelei.

"Pole sana, Mama Steve. Pole mising, pole mno. Usiwe na wasiwasi na huku. Tuko shambani kwako na kikundi, tumechuna karibu yote. Imebaki ile sehemu ya katikati iliyopanda juu, uliyosema unaipumzisha. Tumalizie?"

Na mimi nikasema, kwa mdomo wangu huu, "Malizieni yote. Mungu awabariki."

Nikazima simu nikarudi kaburini. Sikumkumbuka Beldina hata kidogo. Saa ile ungeniuliza jina langu ningesitasita. Nimelisema hilo si kwa kujitetea, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya nane. Eucabeth alinipigia saa mbili asubuhi, na nilipoona jina lake tu ndipo nilipokumbuka.

"Mama Steve," akasema, "Beldina ameenda shambani ameikuta michai imechunwa yote. Arobaini yote. Ni kikundi chenu. Nyuzi wamezifungua wakazifunga vizuri fundo moja, wakaziacha mlangoni kwako, wakidhani ni zako zilizopotea."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake, maneno yaliyotoka ni haya: "Woi! Bila kuniuliza?"

Sijui yalitoka wapi. Ulimi hauna mfupa, wanasema, na wangu siku hiyo ulikuwa kamba. Eucabeth akasema pole, akasema labda ni Mungu tu, akasema nisijali, nizike kwanza. Ananiliwaza mimi! Nikakata simu nikaenda kukaa nyuma ya jiko la ndugu yangu, na waliokuja walidhani namlilia Naftaly. Nilikuwa namlilia pia.

Nilisimuliwa baadaye kwamba Beldina alikimbia mpaka kituo cha kununulia majani, akitumaini kwamba mzigo wa Ijumaa bado uko. Karani akamwambia lori liliuchukua jana jioni. Na hata ungekuwepo, kina mama walikuwa wameyachanganya yote kwenye magunia yale yale, ya uzi mwekundu, ya uzi wa kijani, na ya shamba zima. Akampigia mama yake kiwandani. Eucabeth akamwambia majani ya jana yameshakuwa chai nyeusi, pengine ni yeye mwenyewe aliyeyapitisha kwenye kikaushio usiku huo. Mama wa watu akaenda chooni kiwandani akalia huko, akarudi kazini.

Nilifika Litein Jumapili alasiri. Beldina alikuja kunisalimia, akanipa pole ya msiba, akanichotea maji. Daktari alikuwa anakuja kesho yake. Nikamwambia, na aibu sina, "Beldina, si uandike tu? Weka namba za wiki ya nane, nyekundu iwe mbele kidogo. Na uzito tutasema tulipima wenyewe. Nani atajua?"

"Hapana, shosho," akasema.

"Kwa nini hapana?"

"Kwa sababu sijui ingekuwa ngapi."

Nilikunywa maji yangu.

Jumatatu Daktari Rodah akaja na gari la kituo, mama mdogo tu wa miaka thelathini na kitu, amevaa gambuti, ameshika mzani wa kutundika. Mwalimu Sagini alimruhusu Beldina atoke shuleni. Tukaenda shambani sisi watatu. Michai ile arobaini ilikuwa imelala sawa na mingine, meza moja safi, hujui pa kuanzia. Kikundi chetu kinajua kuchuna.

Beldina alimweleza yote akiwa amesimama wima. Daktari hakukasirika. Alichukua kitabu akakisoma ukurasa kwa ukurasa, pale pale amesimama, na mara mbili niliona nyusi zake zikipanda. Akafika ukurasa wa mwisho. Nilichungulia pembeni. Ilikuwa imeandikwa kwa ule mwandiko wake wa kunyooka: *Wiki ya nane. Hakuna vipimo. Michai ilichunwa na majirani ili kumsaidia mwenye shamba aliyefiwa. Kosa la mtafiti: hakuwaeleza majirani.*

"Hii kazi ni nzuri," daktari akasema polepole. "Nimeona wanafunzi wa chuo ambao hawawezi hii. Uzito ningeweza kuusamehe. Msiba ni msiba. Lakini hili la mwisho ndilo linanisumbua. Wiki nane nzima, Beldina, na shamba liko katikati ya watu wanaochuna. Hukuwaambia?"

Beldina akatikisa kichwa. "Sikuwaambia, daktari."

"Ni nani alitakiwa awaambie?"

Kukawa kimya. Mimi niko pale, hatua moja kutoka kwake. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua, na kilichotoka ni, "Daktari, utakunywa chai kabla hujaenda?"

"Ni mimi," Beldina akasema.

Daktari akafunga kitabu akamrudishia kwa mikono miwili. "Huko kwangu kuna mimea ya miaka kumi, ya watu wengine. Mtu akisahau kumwambia mfanyakazi mmoja tu asikate, miaka kumi imekwenda. Namtafuta mtu anayelinda kazi. Nina msichana mwingine kutoka shule ya bweni, kazi yake si nzuri kama hii, lakini aliilinda. Majina yanaenda Jumatano. Ningekuwa na nafasi mbili, Mungu ananiona, nisingefikiria mara mbili."

"Na mwakani?" nikauliza.

"Mwakani atakuwa kidato cha nne, mama. Hao hatuwachukui."

Ndipo hasira ikanipanda, tena hasira ya mwizi. Nikamfokea yule mama wa watu. Nikamwambia nyinyi wenye mageti na mizani mmezaliwa mkijua kila kitu, mtoto amehesabu vichipukizi na vidole vimekufa ganzi, na wewe unamwuliza alimwambia nani! Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akanipa mkono, akasema pole kwa msiba, akaondoka.

Nilijiambia nitasema Jumanne asubuhi. Jumanne kikundi kikaja kunipa pole. Walikuja na sukari, unga na maziwa, Taplelei mbele, wakaimba, wakaomba. Wakaniambia chai ya shamba langu ilikuwa nyingi, magunia yalijaa, hasa ile sehemu ya katikati. Walifurahi kunisaidia. Ningewafokea nini? Nikasema kongoi, ndiyo asante kwao, kongoi sana, nikawapikia chai, wakanywa. Mtu wa kumpa hasira hakuwepo, ila mmoja, na huyo nilikuwa nakunywa naye chai kwenye kikombe kimoja.

Jumatano nikafungua duka. Watu wa sweta wakaja. Nikasema mchana. Mchana mashine ikanasa uzi, nikasema nikimaliza huu upande. Nilikuwa najua kabisa Jumatano ni siku gani. Ilikuwa saa kumi na moja nilipofunga duka, nikamkuta Beldina kwenye mfereji wa ploti, penye bomba la maji, anafua sare.

"Beldina. Sikuwaambia kikundi. Nilikudanganya kila wiki. Na siku ya mazishi Taplelei alinipigia akaniuliza, nami nikamwambia wachune yote. Ni mimi."

Hakushtuka. Aliendelea kukamua sketi mpaka maji yakaisha.

"Najua, shosho," akasema. "Mama Taplelei aliniambia Jumamosi ile ile. Nilimwendea kumwuliza kama majani yamechanganywa."

"Ulijua? Jumatatu ulijua? Na ukamwambia daktari ni wewe?"

"Ningesema nini, shosho, mbele ya mgeni? Wewe ni mkubwa, na umefiwa." Akaitundika sketi kwenye kamba, akainyoosha. "Alipouliza ni nani alitakiwa awaambie, nilinyamaza kidogo. Nilidhani utasema."

Nikamwambia nipe namba ya daktari, nipe sasa hivi. Akaniomba taratibu nikae kwanza, nikakataa. Alinitajia namba, anaijua kwa kichwa, nami nikapiga nikiwa nimesimama pale kwenye matope ya mfereji. Daktari akashika. Nikamwambia yote bila kupumzika: haya yangu, uongo wangu, simu ya makaburini, na kwamba mtoto alitaka kuwaambia siku ya kwanza kabisa, mimi ndiye niliyemzuia. Alilinda kazi yake. Niliyeifungulia mlango ni mimi.

Nilipomaliza nikasikia karatasi, au labda ni upepo wa huko aliko.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa, "nimetuma jina saa tisa. Yule msichana ameshapigiwa simu, na mzazi wake ameshaambiwa. Siwezi kulirudisha."

"Hata ukijaribu?"

"Hata nikijaribu."

Beldina alikuwa amesimama mbele yangu, mikono ina povu mpaka kwenye viwiko. Simu yangu ni ile ya sauti kubwa, alisikia yote. Nilikuwa nangoja alie, au anitukane, ningeshukuru angenitukana.

"Mwambie asante kwa kuja, shosho," akasema, kisha akainama akachukua shati lililobaki kwenye beseni.

Nami nikamwambia daktari asante kwa kuja.